Bibi Marie Curie na Fedha za Masomo

Sisi tuliofundisha miaka mingi twawajua watoto wenye akili waliokwama kwa ajili ya karo. Bibi Marie Curie, aliyegundua radiamu pamoja na mumewe mwaka 1898, nusura awe mmoja wao. Alizaliwa Warsaw mwaka 1867. Kwanza alifundisha watoto majumbani mwa watu ili dada yake asomee udaktari Paris. Zamu yake ikafika mwaka 1891, akaingia Sorbonne. Mwaka 1893 akawa wa kwanza katika mtihani wa fizikia, lakini fedha zikawa zimekwisha. Akapewa msaada wa masomo, rubli 600, akaendelea na hisabati. Alipolipwa kwa utafiti wake wa kwanza alizirudisha zote, mwanafunzi mwingine maskini apate kusaidiwa. Hakuna aliyemdai; wenye mfuko ule walishangaa.