Henrietta Leavitt, Mlinzi wa Nuru za Mbali

Askari aliyepata kukesha zamu katika ufuko wa Rumonge aifahamu vema mandhari ya usiku wa giza: taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa juu ya Ziwa Tanganyika, nyingine zang'aa, nyingine zafifia. Aijua pia shida yake. Taa hafifu yaweza kuwa ndogo iliyo karibu, au kubwa iliyo mbali. Wataalamu wa nyota walisumbuliwa na shida iyo hiyo kwa karne nyingi, na aliyewafungulia njia ni mwanamke ambaye twapenda kuwasimulia walinzi wetu maisha yake.

Henrietta Swan Leavitt alizaliwa tarehe 4 Julai 1868 huko Lancaster, Massachusetts, nchini Marekani. Alihitimu masomo ya juu mwaka 1892, kisha akaingia katika kituo cha nyota cha Harvard, kwanza bila malipo, baadaye kwa ujira wa senti 30 kwa saa. Masikio yake yalidhoofika hata akawa karibu kiziwi. Kituoni hapo darubini zilikuwa mikononi mwa wanaume. Wanawake walipewa picha.

Picha hizo zilipigwa juu ya vioo huko Arequipa, Peru, na sehemu ile ile ya anga ilirudiwa tena na tena. Katika kioo kila nyota ilikuwa doa jeusi. Bibi Leavitt alitwaa nakala ya kioo cha tarehe moja, ambamo nyota zimegeuzwa kuwa nyeupe, akailaza juu ya kioo cha tarehe nyingine. Nyota isiyobadilika ilifutika. Iliyoongezeka au kupungua nuru ilijifichua. Mwaka 1908 alitangaza nyota 1,777 za namna hiyo katika Mawingu mawili ya Magellan. Lile dogo huonekana hata kutoka Rumonge, chini upande wa kusini, kama ukungu mwembamba, usiku wa Novemba mbingu zikitakata.

Mwaka 1912 alionyesha jambo kuu zaidi. Katika nyota 25 za Wingu Dogo, zenye nuru kubwa zilichukua siku nyingi zaidi kung'aa, kufifia na kung'aa tena. Kwa kuwa zote zi mbali nasi karibu sawasawa, mithili ya mitumbwi iliyokusanyika mahali pamoja ng'ambo ya ziwa, iliyoonekana kubwa ilikuwa kubwa kweli. Hivyo, kwa kuhesabu siku za nyota, mtu aweza kujua nguvu yake halisi, na kutokana na hiyo, umbali wake.

Taarifa hiyo ilitoka kwa sahihi ya mkuu wake, Edward Pickering, ingawa ilikiri kwamba mtayarishaji ni yeye. Alifariki kwa saratani tarehe 12 Desemba 1921, akiwa na miaka 53. Miaka miwili baadaye Edwin Hubble aliikuta nyota ya namna hiyo katika Andromeda, akathibitisha kwamba hilo ni kundi jingine la nyota, nje kabisa ya kundi letu. Mwaka 1925 mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, alimwandikia barua akinuia kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel. Barua ilimkuta kaburini, na wafu hawapendekezwi.

Twamkumbuka hasa kwa sababu hakuchoka kutazama kile alichokwisha kukitazama jana. Mlinzi wa Rumonge, ahesabuye taa zile zile kila usiku, atamwelewa upesi kuliko wengi.