Giulio Natta, mkemia aliye nyuma ya gunia la chumvi

Ukipita Ngomeni jua likiwa kali, hebu simama kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yanakauka, chumvi inajipanga yenyewe kuwa fuwele, zile punje zenye kona. Sasa tazama gunia jeupe la plastiki linalojazwa chumvi hiyo. Amini usiamini, nalo nguvu zake zinatokana na fuwele. Tuna deni kwa Giulio Natta, Mwitaliano kama wale waliojenga kituo cha roketi cha San Marco hapo baharini.

Natta alizaliwa Imperia mwaka 1903. Akiwa na miaka 21 tu alikuwa tayari na digrii ya uhandisi wa kemikali kutoka Milan. Alipenda kumulika vitu kwa eksirei aone atomu zimekaaje.

Mwaka 1954 alichukua kichocheo cha aina aliyovumbua Mjerumani Karl Ziegler, akaunganisha gesi ya propilini kuwa minyororo mirefu. Waliojaribu awali walipata kitu cha kunata kisicho na kazi, maana vitawi vya minyororo vilielekea huku na huku. Vya Natta vilielekea upande mmoja. Minyororo ikalala pamoja, ikaganda kuwa fuwele, na polipropilini ngumu ikazaliwa. Jina la mpangilio huo, isotaktiki, lilibuniwa na mkewe Rosita, msomi wa fasihi. Wanaodharau fasihi mpo?

Lakini fuwele hizo zina ubaguzi. Wewe unayeokota plastiki ufuoni, ukiyeyusha kamba ya polipropilini pamoja na mtungi wa polietilini, haziingiliani. Hukaa matonematone kama mafuta ndani ya maji, na zikipoa kila moja inajipangia fuwele zake kivyake. Kifaa utakachopata kitapasuka palepale zinapokutana, kwa hivyo zitenge kwanza. Kikosi cha Natta kilitengeneza pia mpira wa ethilini na propilini. Mpira wa aina hiyo ndio huchanganywa na polipropilini ili bampa la gari lisivunjike ovyo.

Kumbe mwili wake mwenyewe ulikuwa ukimsaliti. Mwaka 1956 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Alipoenda Stockholm mwaka 1963 kupokea Tuzo ya Nobel pamoja na Ziegler, mwanawe na wenzake wanne walilazimika kumsaidia kutoa hotuba. Rosita alifariki mwaka 1968. Natta akamfuata Mei 2, 1979, mjini Bergamo, akiwa na miaka 76.