Alikimbia kwao, akawaachia watu wa Munich bustani

Englischer Garten ya Munich, Ujerumani, ina ukubwa wa hekta 375 hivi, na kuingia ni bure. Kumbe wazo lake lilitoka kwa mkimbizi!

Benjamin Thompson alizaliwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1753. Vita vya uhuru vilipokaribia, jamaa alishika upande wa mfalme wa Uingereza. Wenzake wakamgeuka. Mwaka 1776 akaondoka kwenda London, akamwacha mkewe Sarah na binti yao mdogo.

Mwaka 1784 akapata kazi Bavaria kwa mtawala Karl Theodor. Aliona askari wanakaa tu wakati wa amani, akashauri wapewe vishamba walime viazi na mboga. Mpango huo ndio uliozaa bustani mwaka 1789: msitu wa kando ya mto Isar, ambako wakubwa walikuwa wakiwinda, ukageuzwa kuwa mali ya kila mtu.

Mnara wa Kichina ukajengwa kwa mbao mwaka 1790. Uliteketea vitani mwaka 1944, ukajengwa upya mwaka 1952.

Bustani ilifunguliwa kwa wananchi mwaka 1792. Mwaka huohuo Sarah alifariki Marekani, bila kuonana tena na mumewe.

Thompson alipopewa ukabaila alichagua jina la Rumford. Ndilo jina la zamani la mji wa mkewe, ule alioukimbia. Alifariki Ufaransa mwaka 1814. Mnara wa kumkumbuka bado upo ndani ya bustani hiyo.