Röntgen: Aliyekosa cheti, akatuachia jicho la forodha

SIKU moja nilipitisha begi langu kwenye mashine ya ukaguzi, uwanja wa ndege wa Entebbe. Nilikuwa na mzigo wa kikwetu: chumvi ya Ziwa Katwe, unga wa muhogo na kisu cha jikoni. Kwenye skrini ya afisa, unga ulikuwa rangi ya machungwa, chumvi kijani, kisu buluu.

Mimi ni mtu wa Kabatoro. Chumvi naijua kwa kuionja. Nikajiuliza, mashine hii isiyo na ulimi imejuaje?

Jibu lilinifikisha kwa mtu aliyefariki mwaka 1923, Wilhelm Conrad Röntgen.

Alizaliwa Machi 27, 1845, mjini Lennep, Ujerumani ya leo, mtoto wa pekee wa mfanyabiashara wa vitambaa. Akiwa na miaka 3, wazazi wake walihamia Apeldoorn, Uholanzi, na familia ikapoteza uraia wa Prussia. Wenzetu waliokulia ng'ambo ya mto Lhubiriha wakarudi ukubwani wanayajua maisha hayo.

Huko Utrecht, mwanafunzi mmoja alichora picha ya kumdhihaki mwalimu. Lawama zikamwangukia Röntgen, akafukuzwa shule bila cheti. Chuo cha Zurich, Uswisi, kilimpokea hivyo hivyo, na mwaka 1869 akapata shahada ya udaktari. Mwaka uliofuata alikwenda Würzburg, Ujerumani, akiwa msaidizi wa mwalimu wake, August Kundt. Chuo kikamnyima nafasi ya kufundisha kwa sababu ya kile cheti cha shule. Mwaka 1888, chuo hicho hicho kilimwita awe profesa.

Hapo ndipo, usiku wa Novemba 8, 1895, alipofunika bomba la umeme kwa karatasi nzito nyeusi. Gizani akaona kibao kilichopakwa chumvichumvi ya bariamu kikimeremeta, ingawa hakuna mwanga uliokifikia. Mionzi isiyoonekana ilikuwa imepenya karatasi. Desemba 22 alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha. Mifupa ikaonekana, na pete juu yake. Miaka 12 baadaye, mwaka 1907, Hospitali ya Mengo, Kampala, nayo ilipata mashine ya eksirei.

Lakini siri ya chumvi yangu imo katika ripoti yake ya tatu, ya mwaka 1897. Röntgen aliona kuwa mionzi haina nguvu moja. Mingine ni laini, mingine ni mikali. Akalinganisha bati la platinamu na la alumini, akagundua kuwa uwiano wao wa kuzuia mionzi hubadilika kadiri mionzi inavyobadilika ukali. Maana yake, ukipima kitu kwa mionzi ya aina mbili, unaweza kukisia kimeumbwa kwa nini, si unene wake tu.

Mashine za mabegi hufanya hivyo hasa. Chini ya mzigo kuna vipokezi vya mionzi vya tabaka mbili. Tabaka la juu, jembamba, hunasa mionzi dhaifu. Katikati huwekwa bati la shaba kuchuja mabaki yake. Tabaka la chini, nene, hunasa mionzi mikali. Kila tabaka lina fuwele zinazong'aa zikipigwa na mionzi, kama kile kibao cha Würzburg, na mwanga huo hugeuzwa kuwa umeme.

Kompyuta hulinganisha hesabu hizo mbili. Unga, nguo na samaki huzuia mionzi dhaifu kidogo tu, hivyo hupakwa rangi ya machungwa. Chumvi na alumini huzuia zaidi, hupewa kijani. Chuma huwa buluu.

Mfanyabiashara, elewa pia mipaka yake. Mashine hutambua kundi la kitu, haijui bei yake wala mwenyewe. Vitu vikirundikana, rangi huchanganyika, kwa hiyo begi lako likifunguliwa usidhani umekwisha kuhukumiwa. Ukipanga vitu bila kuvirundika, picha huwa safi na foleni huenda haraka.

Röntgen alipata Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia mwaka 1901, akaitoa fedha yake kwa chuo cha Würzburg. Alikataa kuchukua hataza ya ugunduzi wake, hivyo kiwanda chochote kingeweza kuutumia bila kumlipa. Mfumuko wa bei baada ya Vita Kuu ya Kwanza ulikausha akiba yake. Alifariki mjini Munich, Februari 10, 1923, akiwa na miaka 77.

Mtu aliyefungiwa milango kwa kukosa karatasi ndiye aliyetupa mionzi inayotazama ndani ya mabegi yetu. Nami tangu siku ile, kila nikiona vidimbwi vya Katwe vikikauka na chumvi kubaki nyeupe, nakumbuka kwamba kuna jicho linaloiona kijani.