Annalena Tonelli: Mkristo aliyefunzwa imani na wafugaji wa Wajir

ALIPOWASILI Wajir mwaka 1970, Annalena Tonelli hakuwa na lolote la kumfanya aaminiwe. Alikuwa mzungu, Mkristo, na mwanamke wa miaka 27 asiye na mume, katika jamii ya Waislamu inayoiona ndoa kuwa sehemu ya utu uzima.

Wengi waliamini amekuja kuwabadilisha watoto wao dini. Shaka hiyo ilikuwa na mizizi. Vita vya Shifta vilikuwa vimemalizika miaka michache tu iliyotangulia, na Mkoa wa Kaskazini Mashariki bado ulitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari. Mgeni yeyote alitazamwa kwa jicho la pembeni.

Annalena alizaliwa Aprili 2, 1943 katika mji wa Forlì, Italia. Alisomea sheria, lakini moyo wake ulikuwa kwa maskini wa mji wake, ambao aliwahudumia kwa miaka 6. Mwaka 1969 alikuja Kenya kufundisha. Hakuwa mtawa, wala hakuwa mwajiriwa wa shirika lolote la kimisheni.

Huko Wajir alifundisha katika shule ya upili, lakini punde si punde akavutwa na wagonjwa wa kifua kikuu. Maradhi hayo yalionekana kuwa aibu, na waliougua walitengwa hata na jamaa zao. Annalena aliketi nao, akawalisha, akawaosha na kuwapa dawa. Baadaye kundi dogo la wanawake wenzake kutoka Italia lilijiunga naye, wakaanzisha pia kituo cha kuwahudumia walemavu.

Tatizo kubwa la tiba lilikuwa maisha ya kuhamahama. Mfugaji alianza dawa, akapata nafuu, kisha akaondoka na ngamia wake kufuata malisho kabla ya kupona. Ugonjwa ulirudi ukiwa sugu zaidi.

Mwaka 1976 Annalena alikabidhiwa kuongoza mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani (WHO). Badala ya kuwalaumu wafugaji, aliwaalika wajenge vibanda vyao karibu na kituo na kukaa hapo kwa miezi 6 ya matibabu, wakimeza dawa kila siku mbele ya mhudumu. Ndivyo ilivyozaliwa manyatta ya kifua kikuu ya Wajir. Utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa akishuhudiwa ulikuja kupendekezwa na WHO kwa nchi nyingi.

Hata hivyo, aliyekuja kutoa alijikuta akipokea. Siku moja mzee mmoja, chifu aliyewapenda wanawake hao, aliwaambia kwamba Waislamu wana imani, nao wageni wana upendo. Annalena hakuichukua kauli hiyo kama sifa tupu. Aliiona kuwa mlango uliofunguka kati ya pande mbili, kila upande ukikiri kwamba mwenzake ana jambo jema la kufunza.

Mnamo Novemba 2001, aliposimulia maisha yake katika mkutano Vatican, alikiri deni lake waziwazi. Wafugaji wa jangwani ndio waliomfunza kuanza kila kazi kwa jina la Mungu. Kutokana na adhana alijifunza kwamba hakuna shughuli iliyo kubwa kiasi cha kushindwa kusitishwa ili binadamu amkumbuke Muumba wake. Kwao aliona watu waliojikabidhi kwa Mungu bila masharti, hata ukame ulipowanyang'anya mifugo yote.

Kuikiri kweli hiyo hakukumfanya aiache dini yake. Alibaki Mkatoliki hadi mwisho. Lakini hakumhubiria mgonjwa, wala hakuiweka dawa kuwa chambo cha kumvuta mtu kanisani.

Mtihani mkubwa ulikuja Februari 1984. Wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawazuia kwa siku kadhaa juani bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Annalena alitoka na wasaidizi wake kuwatafuta manusura, kuwatibu na kuwazika wafu. Kisha alisaidia kuzifikisha habari za mauaji hayo kwa wanadiplomasia, huku serikali ikijitahidi kuzificha.

Ujasiri huo ulimgharimu. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya, akawaacha watu aliowahesabu kuwa jamaa zake.

Hakurudi Italia kupumzika. Alihamia Somalia, akahudumu katika miji kadhaa wakati wa njaa na vita, na mwaka 1996 akafika Borama, Somaliland. Huko alijenga upya hospitali ya kifua kikuu, akaanzisha shule ya watoto viziwi, na kupambana na Ukimwi na ukeketaji. Wapo waliompinga na kumrushia mawe. Wapo pia waliomwita mama.

Mwaka 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilimtunuku Tuzo ya Nansen. Miezi michache baadaye, jioni ya Oktoba 5, alipigwa risasi katika eneo la hospitali yake. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Aprili 2, 2015, siku ambayo angetimiza miaka 72, magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakiwabagua Wakristo na Waislamu. Desemba mwaka huohuo, wengine walisimamisha basi karibu na El Wak, Kaunti ya Mandera, wakataka ubaguzi uleule ufanyike. Abiria Waislamu walikataa kujitenga na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa msimamo huo, akafariki Januari 2016.

Annalena na Mwalimu Salah hawakuwa wa dini moja wala kizazi kimoja. Lakini wote wawili walikataa imani ya mtu iwe kipimo cha thamani ya uhai wake, na kila mmoja alilipia msimamo huo kwa gharama yake mwenyewe. Huo ndio urithi wa Kaskazini Mashariki usiotajwa mara kwa mara kama zinavyotajwa habari za mashambulizi.