Mwalimu wa Sekondari Aliyewahoji Nyuki

Wenzangu wa sayansi, ile hadithi ya bwenini mnaijua: maliza digrii ya kwanza, tafuta ya pili, halafu komaa upate uzamivu, ukishaitwa daktari mambo yatanyooka. Wanaofika huko wanakuta mlango mwingine. Ni nafasi ya utafiti ya miaka miwili mitatu, ambapo chuo kinakulipa mshahara, kinakupa maabara na muda, na wewe kazi yako ni kuhangaika na wadudu wako. Bila hiyo, uprofesa unakuwa ndoto. Leo nawasimulia habari za mtu aliyeukuta mlango huo umefungwa.

Charles Henry Turner alizaliwa tarehe 3 Februari 1867 mjini Cincinnati, jimbo la Ohio, Marekani, miaka michache tu baada ya utumwa kufutwa nchini humo. Baba yake alikuwa mtunza jengo la kanisa, mama yake muuguzi. Kijana huyu mweusi alisoma Chuo Kikuu cha Cincinnati, akapata shahada ya kwanza mwaka 1891 na ya pili mwaka 1892. Akiwa bado mwanafunzi alishachapisha utafiti kuhusu ubongo wa ndege. Kumbuka hapo sisi wengine tunahangaika na ripoti ya mafunzo kwa vitendo.

Mwaka 1893 alikwenda kufundisha Chuo cha Clark, Atlanta, kilichokuwa cha watu weusi. Mwaka 1895 mke wake alifariki na kumwachia watoto wadogo. Akaendelea kufundisha, kulea na kuandika. Alipopata uzamivu wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1907, alikuwa na miaka 40.

Utafiti wake wa uzamivu ulikuwa juu ya sisimizi na namna wanavyopata njia ya kurudi nyumbani. Siku hizo wataalamu wengi walimwona mdudu kama mashine: akiguswa na harufu anaifuata, basi. Turner alicheza na mwanga. Alipouhamisha kutoka upande mmoja kwenda mwingine, sisimizi walikosea njia. Maana yake walikuwa wakiutumia mwanga kujua mwelekeo, na kumbukumbu ilikuwa na kazi yake.

Sasa fikiria: una uzamivu wa Chicago, una machapisho mengi kuliko baadhi ya maprofesa, na mada yako ni ya moto. Lakini ni mwaka 1907, Marekani ya ubaguzi wa rangi. Vyuo vikubwa vya utafiti havikumpa kazi. Mwaka 1908 akaanza kufundisha Shule ya Sekondari ya Sumner, mjini St. Louis, shule ya watoto weusi. Alikaa hapo hadi alipostaafu mwaka 1922.

Hakuwa na maabara ya chuo wala msaidizi. Hakuwa na mwanafunzi hata mmoja wa uzamivu. Alikuwa na vipindi vya kufundisha kama mwalimu yeyote, na muda uliobaki aliutumia nje na wadudu. Katika utafiti wa nyuki wapweke wanaochimba mashimo ardhini, aliochapisha mwaka 1908, kifaa chake kilikuwa kizibo cha chupa ya soda. Kilikuwa kando ya shimo la nyuki. Turner akakihamishia kwenye shimo jingine alilolitoboa mwenyewe, na nyuki akaenda kuingia kwenye shimo bandia. Kumbe alikuwa amekariri alama za mtaa wake, kama wewe unavyokumbuka kushukia kwenye ule mwembe.

Mwaka 1910 alichapisha majaribio yake juu ya rangi. Kila mtu alikuwa akisema maua yana rangi ili kuwavuta nyuki, ila waliolipima jambo hilo kwa makini walikuwa wachache. Turner alikwenda kwenye bustani ya O'Fallon, St. Louis, akatega visahani na visanduku vya rangi, vingine vina asali na vingine havina. Nyuki walijifunza kufuata rangi yenye asali na kupita nyingine. Mwaka uliofuata akaonyesha kuwa wanatofautisha hata michoro. Baadaye akaonyesha kuwa mende hujifunza njia katika kichochoro chenye mapito mengi kwa kujaribu na kukosea.

Mwaka 1914 Karl von Frisch alichapisha kazi yake juu ya nyuki na rangi, yenye vipimo vikali zaidi. Alikuwa na chuo nyuma yake, na baadaye wanafunzi wengi walioiendeleza kazi hiyo. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa tabia za wanyama. Alistahili. Turner alikuwa amefariki Chicago tarehe 14 Februari 1923, akiwa na miaka 56, akiacha machapisho zaidi ya 70. Kwa miongo mingi vitabu vya wadudu havikumtaja sana.

Hapa ndipo naomba tusidanganyane. Ni rahisi kumfanya Turner somo la semina ya motisha: ona, hakuwa na kitu na bado aliweza! Ni kweli aliweza. Lakini hasara nayo ilikuwa kubwa. Mtafiti asiye na nafasi hana wa kumrithisha maswali yake, na maswali mengine ya Turner yalikaa miaka mingi kabla ya mtu mwingine kuyaokota. Watoto wa Sumner walipata mwalimu bora, hilo halina ubishi. Ila sayansi ya wadudu ilimkosa profesa.

Kwa hiyo ukiona tangazo la nafasi ya utafiti limebandikwa idarani, omba, hata kama moyo unasema si la watu kama wewe. Na siku ukiwa wewe unayekaa upande wa pili wa meza, na mwombaji ameingia na kizibo chake cha soda mkononi, muulize kwanza amegundua nini.