Tippu Tip na muji wa Nyangwe

Hamed bin Muhammed, ule tunaita Tippu Tip, alizaliwa Unguja. Alikuja kwetu kutafuta pembe za tembo. Mwaka 1874 alifika Nyangwe, muji wa Waarabu kando ya Lualaba. Kisha akafanya Kasongo makao yake. Nyumba zilikuwa za udongo, na mashamba ya mpunga yalizunguka muji. Lakini mikono iliyojenga na kulima ilikuwa ya watumwa. Mwaka 1890 alianza safari ya kurudi Unguja. Mwaka 1893 askari wa Dhanis walikamata Nyangwe na Kasongo, Nyangwe ikabomoka. Yeye alikufa 1905.

Ndugu wa mgodi, biashara ya pembe ilikwisha, na muji nao ukaisha. Mpunga na Kiswahili njo vyenye kubaki. Basi tupande, tujenge, mbele mawe iishe.